Maji Baridi au Maji Chumvi: Barua kwa Rafiki Aliyeko Njombe

Mbeya,
Julai.

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wanao wote. Sisi hapa Mbeya tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetushika barabara, nami najua kwamba ninyi huko Njombe mnaipata zaidi yetu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umekwisha kutenga nafasi sebuleni kwa ajili ya tangi la kioo la lita 200, na kwamba watoto wanataka samaki wa baharini, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ilhali mama yao anahofia gharama. Umeniomba nisikufiche kitu. Basi ushauri wangu ni huu: weka maji baridi, na ndani yake ufuge samaki wa Ziwa Nyasa.

Nayasema haya kwa sababu maji chumvi niliyajaribu, na hasara yake bado naikumbuka. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo tangi kama lako litadai kilo 7 kabla hujatia samaki hata mmoja. Tena haifai chumvi ya jikoni, kwa kuwa bahari ina kalisi, magnesi na madini mengine ambayo chumvi hiyo haina ya kutosha. Mimi niliagiza chumvi maalumu kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na hilo nililimudu. Lililonishinda ni maji yanayopotea hewani. Kiangazi cha huku kwetu hewa huwa kavu, maji ya tangi hupungua siku hadi siku, lakini chumvi haiondoki pamoja nayo. Yanayopaswa kurudishwa ni maji matupu, nami kwa kutojua nilikuwa nikijazia maji yaliyokwisha kuchanganywa chumvi. Asubuhi moja nilimkuta samaki mmoja amejitenga kwenye kona karibu na uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufumba upesi upesi kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kabla ya jioni alikufa, na mwenzake akamfuata usiku uleule. Hata ukijazia kwa usahihi, fikiria safari zako za kikazi: tangi lako likipoteza lita 20 tu wakati hupo nyumbani, maji yatakayobaki yatakuwa na karibu gramu 39 za chumvi kwa lita.

Kuna suala la umeme pia. Usidhani kwamba maji baridi yatakuepusha na hita, maana jina hilo linahusu kukosa chumvi, si ubaridi. Samaki wa Nyasa nao wanataka nyuzi 24 hadi 27, sawa na hao wa baharini. Tofauti iko kwenye pumzi. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi yenye joto lilelile, na katika mwinuko wa Njombe, unaokaribia mita 2,000, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo pampu ikisimama samaki wa bahari huanza kutaabika mapema zaidi. Kwangu umeme ukikatika usiku hufunika tangi kwa blanketi pande tatu, nikakoroga maji kwa kata mara kwa mara, na mpaka leo sijapoteza samaki wa ziwa kwa sababu hiyo.

Sasa nikueleze juu ya hao wa Nyasa, kwa kuwa nahisi watoto wanadhani samaki wa maji baridi hawana rangi. Mbuna, wale samaki wadogo wa kwenye miamba ya ziwa, wako wa buluu iliyokolea, wako wa manjano kama limau lililoiva, na wako wenye mistari myeusi kutoka mgongoni hadi tumboni. Ziwa lile lina mamia ya aina za samaki, na nyingi kati yake hazipatikani kwingine kokote duniani. Jike huyahifadhi mayai kinywani kwa muda wa karibu wiki tatu bila kula, kidevu kikiwa kimevimba, na siku ya kuachia utaona vitoto vidogo sana vikitoka, kisha vikirudi kinywani mbio mara tu kivuli cha mkono wako kinapopita. Binti yangu alikaa mbele ya kioo mpaka chakula chake kikapoa.

Wana ugomvi, hilo sikufichi. Weka dume mmoja kwa majike kadhaa, na upange maficho mengi kuliko idadi ya samaki. Mimi nilinunua huko Matema, kando ya ziwa, vyungu vidogo vya Wakisi, visivyopakwa rangi, nikavilaza ubavu katikati ya mawe, na kila kimoja sasa kina mwenyewe. Changanya na mawe ya chokaa, kwa kuwa maji ya Nyasa yana ualkali kidogo na mawe hayo husaidia kuyaweka hivyo. Mimea usihangaike nayo, wataila. Nao wapewe mchicha uliochemshwa kidogo mara kwa mara, kwani wengi wao kule ziwani hula mwani wa kwenye miamba.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, kisha ujaze tangi na uwashe chujio, lakini samaki usinunue bado. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuibadilisha huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Mwisho wa mwezi nitapita Njombe nikielekea Songea, nami nitakuletea kipande cha sifongo kutoka kwenye chujio langu, kikiwa ndani ya maji yake, ili bakteria hao wapate mahali pa kuanzia. Tafadhali hakikisha tangi limejaa na hita inafanya kazi kabla sijafika, maana sifongo hiyo ikikauka haitakuwa na faida tena.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Mbeya.