Kwa Sahibu Yangu wa Malindi: Kuyapima Maneno ya Matangazo Darasani

Mkomani, Lamu

Kwako sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama, na swali lako kuhusu chama cha sayansi cha shule yenu limenishughulisha sana. Umeuliza uanzie wapi ikiwa unataka watoto wayapime wenyewe maneno ya matangazo ya biashara. Mimi ningeanza na sabuni ya unga, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi huona jinsi jaribio lililopangwa vibaya linavyoweza kumpa muuzaji ushindi asioustahili.

Chukua vipande vya kitambaa cheupe cha pamba vya jora moja, uvitie doa la mafuta na bizari ya manjano kama lile mchuzi unaloacha kwenye kanzu, kisha kimoja kifuliwe kwa sabuni inayosifiwa, kingine kwa sabuni ya bei nafuu, na cha tatu kwa maji matupu. Kiasi cha sabuni, maji na muda wa kuloweka viwe sawa. Watoto wasishtuke doa likigeuka jekundu linapoguswa na sabuni, kwani rangi ya bizari hiyo hubadilika hivyo ikikutana na alkali iliyomo kwenye sabuni, na ukiidondoshea ndimu hurudi kuwa njano. Jambo kubwa liko juani. Mwanga wa jua huivunja rangi hiyo, kwa hiyo ukivianika vipande vyote uani, hata kile cha maji matupu kitapauka, na asiyekuwa na kipande hicho cha maji matupu ataisifu sabuni kwa kazi iliyofanywa na jua. Nakusihi kitambaa hicho kisikosekane, na vipande vingine kama hivyo vianikwe kivulini.

Povu nalo lisiwe kipimo, ingawa matangazo hulionyesha kana kwamba ndilo linalosafisha. Sabuni ya kipande hutoa povu kwa shida katika maji ya kisima yenye chokaa, na hutoa povu jingi katika maji ya mvua yaliyokusanywa birikani, ilhali sabuni ni ile ile.

Baadaye nenda kwenye vinywaji vinavyodaiwa kuwa na vitamini C. Chemsha wanga kidogo wa mahindi katika maji, uyaache yapoe, uyatie matone machache ya aidini ya duka la dawa hadi yawe na rangi ya buluu iliyokoza, kisha dondosha kinywaji tone kwa tone huku watoto wakihesabu. Vitamini C huondoa rangi hiyo, hivyo kinywaji kinachohitaji matone machache ndicho chenye vitamini nyingi. Linganisha juisi ya pakiti na ndimu iliyokamuliwa papo hapo, na maji ya ubuyu pia, maana mibuyu haiwapungukii huko kwenu. Angalia tu orodha ya viambato: dawa za kuhifadhia zenye salfaiti nazo huondoa rangi ya aidini, na watoto wanaweza kukipa kinywaji sifa isiyo yake.

Wasimulie habari ya Anna Devathasan na Jenny Suo, wanafunzi wa Pakuranga College huko New Zealand, ambao mwaka 2004, wakiwa na umri wa miaka 14, walipima vitamini C katika vinywaji mbalimbali na kukuta Ribena ya kunywa moja kwa moja ikiwa na kiasi kidogo mno, ingawa tangazo lilijivunia kwamba matunda yake ya blackcurrant yana vitamini hiyo mara nne ya machungwa. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Ribena, GlaxoSmithKline, haikuwajali. Mabinti hawakunyamaza, na mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mjini Auckland. Kila ninapoisoma habari hii hufurahi, kwa sababu walitumia somo lile lile tunalofundisha mimi na wewe.

Watoto wetu nao wana haki kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Hata hivyo, wasiitaje bidhaa yoyote hadharani kabla ya kurudia jaribio na kupata jibu lile lile, kwa kuwa kumsingizia muuzaji ni dhuluma kama ilivyo kumdanganya mnunuzi.

Mkishapima, niandikie idadi ya matone kwa kila kinywaji, na unieleze pakiti ilikuwa imefunguliwa kwa muda gani, maana vitamini C hupungua ikikaa hewani. Nitawapa wanafunzi wangu wapime vinywaji vile vile hapa, tulinganishe.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, mwalimu mwenzako