Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi na Petroli: tuonyesheni vipimo vya Lokichar

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nina ombi moja kuhusu mafuta ya Lokichar Kusini, Turkana: kabla wananchi hawajaahidiwa mapipa, waonyeshwe vipimo vya visima.

Tangu kisima cha Ngamia-1 kipate mafuta mwaka 2012, wengi wanadhani chini ya ardhi ile kuna ziwa la mafuta. Ziwa lilikuwepo kweli, la maji, mamilioni ya miaka iliyopita, na tope lake ndilo lililogeuka mwamba uliozaa mafuta. Mito ikamwaga mchanga humo, tope likaufunika, mchanga mwingine ukaja. Leo mafuta yamo katika matabaka mengi ya mawe ya mchanga, mengine membamba mno, yaliyobanwa na miamba ya tope isiyopitisha kitu kwa urahisi.

Matabaka ya namna hiyo hudanganya. Chombo kinachoshushwa kisimani husoma wastani wa mwamba unaokizunguka, hivyo tabaka la sentimita chache humezwa na tope na kuonekana tupu. Hata likitambuliwa, lazima ijulikane kama mchanga wa kisima hiki umeungana na wa kisima jirani. Usipoungana, kila kisima kitanyonya sehemu yake ndogo tu na msukumo utashuka mapema.

Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu ya maji. Mpango ulioandaliwa wakati wa kampuni ya mafuta ya Tullow ulikuwa kuvuta maji ya bwawa la Turkwel na kuyaingiza ardhini ili yasukume mafuta. Lakini maji yaliyoingizwa tabaka moja hayalisaidii tabaka lililotengwa nalo. Visima vitaongezeka na gharama itapanda, katika kaunti ambako akina mama hutembea mbali kutafuta dumu la maji. Tena mafuta haya yana nta nyingi. Yasipopashwa moto huganda.

Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii ya mahali asilimia 5. Watu hao wana haki ya kujua mgao huo unatarajiwa kutoka kwenye nini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wizara yako itoe hadharani matokeo ya majaribio ya mtiririko na msukumo ya kila kisima, iwaruhusu wanajiolojia wa vyuo vyetu vya umma kuchunguza sampuli za miamba, kisha maelezo yasomwe barazani Lokichar na Lokori, kwa Kiturkana, kabla ya lita moja ya Turkwel kuelekezwa visimani.

Wako mwananchi