Kamati za mahafali, mpigapicha naye apewe meza na umeme

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na kamati za sherehe, hasa kamati za mahafali huku Moshi na vijiji vyake, maana msimu wa darasa la saba na kidato cha nne ndo huo unaingia na yaliyonikuta mwaka jana sitaki yamkute mwenzangu.

Mimi ni mpigapicha, niko peke yangu, napiga na kuchapa hapo hapo kwenye shughuli. Mzazi anapiga picha na mwanae, anaenda kukaa, akirudi anakuta picha yake iko tayari anaondoka nayo mkononi. Natumia Canon Selphy, printa ndogo inaingia kwenye begi la mgongoni na bodaboda inanifikisha nayo hadi Kibosho ndani huko. Watu wengi wanadhani inarusha wino kama printa za steshenari, hapana, hii inatumia riboni, yaani utepe wenye rangi, na joto. Karatasi inaingia na kutoka mara nne, mara ya kwanza inatoka ya njano tupu, ya pili inaongezeka wekundu, ya tatu bluu, ya nne inapakwa kama plastiki nyembamba ya kuikinga na maji na vidole. Watoto wanapenda sana kuangalia hiyo hatua, wanajazana mezani wanaona sura ya dada yao inakuja kidogo kidogo.

Sasa kamati zielewe kitu kimoja. Kila picha inakula kama dakika moja, kwahiyo kwa saa nzima bila kusimama ni kama picha 60 hivi, na kusimama lazima kwasababu printa ikipata joto sana inajizuia yenyewe mpaka ipoe, ukiiweka juani ndo kabisa. Na umeme ukikatika karatasi iko katikati, hiyo karatasi imekufa na kipande chake cha riboni kimekufa nacho, haiendelei ilipoishia. Boksi la karatasi 108 linakuja na riboni za picha 108, hakuna za ziada. Kila inayoharibika natoa mfukoni mwangu.

Mwaka jana niliitwa mahafali ya kidato cha nne kwenye shule moja nje kidogo ya mji. Nikakubaliana na kamati vizuri tu, nilipe elfu hamsini ya nafasi, wao wanipe meza chini ya tenti karibu na soketi. Nikalipa. Nimefika saa mbili asubuhi meza yangu imewekwa keki, naambiwa niende nyuma kule jikoni, na umeme nichomeke kwenye ekstensheni ya watu wa muziki ambayo pia imechomekwa hita ya maji ya chai. Nikasema mwalimu, hii haitabeba. Akanijibu itabeba tu, usiwe na wasiwasi.

Ibada, risala, ngoma, hotuba ya mgeni rasmi, vyeti vikaanza kutolewa saa nane. Ndo wazazi wote wakanijia kwa pamoja. Mimi utaratibu wangu nina vikadi vya namba, nakupa kadi, napiga kwanza picha ya hiyo kadi alafu nakupiga wewe na familia yako, ili baadae nikikaa kwenye printa nisichanganye watu. Zikafika namba 60 na kitu, hela nimeshapokea, elfu tatu tatu. Nimekaa kuchapa, DJ akafungua muziki wa kucheza, swichi kuu ikashuka. Ikapandishwa, picha mbili zikatoka, ikashuka tena. Siku ile karatasi 17 zilienda na maji, lakini kilichoniuma sio karatasi.

Kulikuwa na mama mmoja ametoka Mkuu, Rombo, kitenge kipya, ameshika kadi namba 41. Binti yake ndo wa kwanza kwao kumaliza kidato cha nne. Alisimama pembeni ya meza yangu zaidi ya saa nzima, hagombi, anaangalia tu printa inavyozima na kuwaka. Mwisho akaniambia mwanangu, gari zitaniishia. Nikamrudishia elfu tatu yake, akakataa kuipokea, akasema mimi sijafuata hela hapa nimefuata picha. Akaondoka na ile kadi mkononi. Nilichapa picha yake usiku nyumbani Majengo, nikaibana katikati ya maboksi mawili magumu isikunjike, kesho yake nikampa konda wa gari la Rombo. Aliponipigia kusema imefika nilikaa kimya kidogo kwenye simu, nilishindwa cha kumjibu, maana alinishukuru na mimi najua nilimkosea, mbele ya mwanae, kwenye siku ambayo haitarudi.

Kuna watu watasema kwani shida nini, si umtumie WhatsApp. Jamani. Simu inaibiwa stendi, inaingia maji, memori inajaa mtu anafuta, na WhatsApp yenyewe ukituma kawaida inaibana picha mpaka ukija kuikuza uso umekuwa mavumbi. Nimeshagongewa mlango usiku zaidi ya mara moja na watu wa msiba, wana picha ya marehemu kwenye simu, kajipiga na watu watano amekaa pembeni nusu ya sikio imekatwa, wanataka nimtoe mle awe peke yake wa kuweka mbele ya jeneza. Mtu ameishi miaka 70 na familia inatafuta uso wake usiku wa manane. Nenda Uru, nenda Marangu, ingia kwa bibi yeyote, utakuta kabati la vioo na picha zimechomekwa pembeni ya kioo, za ubatizo, za kipaimara, za harusi yenye ndafu, nyingine zimepigwa enzi za mkanda wa picha 36 ambao ulikuwa unausubiri uishe ndo ukasafishwe mjini. Zile zipo mpaka leo.

Sasa ninachoomba. Kwanza picha za familia zipigwe asubuhi wakati wageni wanaingia, sio baada ya vyeti. Nimelifikiria hili sana tangu siku ile. Asubuhi wazazi wanafika mmoja mmoja, nguo hazijakunjamana, jua bado halijawa kali, na yale masaa manne au matano ya ibada na risala na hotuba ndo muda wangu wa kuchapa taratibu wakati watu wote wamekaa. Mpaka mgeni rasmi anamaliza, picha zimepangwa mezani kwa namba. Watakaotaka picha na cheti mkononi watakuwa wachache na nitawawahi. Kinachotakiwa ni MC au mwalimu wa zamu awaambie wazazi getini kwamba mpigapicha yuko pale, basi.

Pili meza iwe kivulini, na umeme usiwe laini moja na muziki wala jiko. Mwaka huu nimenunua betri na inveta kwa hela ya kudunduliza, kwahiyo hata umeme ukikatika kabisa naweza kuendelea kwa muda, ila kivuli siwezi kukibeba kwenye bodaboda. Na nikilipa hela ya nafasi nipewe hiyo nafasi, kama mpishi anavyopewa yake na mtu wa muziki ya kwake. Mimi sio mtu wa kupita pale.

Alafu hili ni la wapambaji, nawaheshimu sana kazi yenu ila tenti likizungushiwa kitambaa cha pinki pande zote, watu wote chini yake wanakuwa pinki, mweupe na mweusi. Huwa naomba sahani nyeupe kwa wapishi, naiweka pale watu wanaposimama, naipiga picha na kuiseti kamera ijue nyeupe ya pale ndani ni ipi. Inasaidia, ila upande mmoja mkiuacha wazi mwanga wa nje uingie inasaidia zaidi.

Na sisi wapigapicha tusijifiche. Kuna vijana wanapokea hela za wazazi kwenye mahafali, wanasema picha zitaletwa shuleni wiki ijayo, na hazifiki. Mzazi aliyefanyiwa hivo mara moja ukimwambia lipia kabisa anakuangalia kama mwizi, na ana haki. Mimi tangu siku ya yule mama sipokei hela kabla, unalipa picha ikiwa mkononi mwako umeiangalia umeridhika. Nimeshapata hasara kwa watu wanaoondoka bila kuchukua, sawa, lakini hakuna mtu atakayerudi Rombo na kadi tupu.

Mahafali yangu ya kwanza msimu huu ni ya shule ya msingi huko Uru. Nimeenda mwenyewe wiki iliyopita kuongea na mwalimu mkuu, mama mmoja msikivu sana, akanitembeza uwanjani akanionyesha mparachichi karibu na ofisi, akasema meza utaweka hapa na waya utapita dirishani kwangu. Nimepima, mita nane. Ekstensheni yangu ni ya mita kumi.

Mpigapicha wa kujitegemea,
Majengo, Moshi