Mbona nyumba yangu haipandi?

Mwezi uliopita nilipigiwa simu saa moja asubuhi na dada mmoja anayeishi Dar es Salaam, mteja tunayemjengea nyumba hapa Mtwara. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemtumia picha za saiti kwa WhatsApp. "Kaka, samahani," akasema, "hii wiki ya tatu naona shimo tu. Jirani yangu tumeanza naye siku moja, yeye yuko kwenye lenta. Mimi mbona haipandi?"

Nilimwelewa kabisa. Hela ya kujenga ni jasho la miaka. Mwenyewe yuko mbali, macho yake ni simu, na simu inamwonyesha shimo. Tena si yeye peke yake. Karibu kila tunayemjengea kwenye viwanja vipya vya upande wa barabara ya Masasi ameshaniuliza hivyo, mwingine kwa upole, mwingine kwa ukali. Nimeona niandike jibu lote mara moja, kwa sababu kwenye simu huwa naishia nusu.

Ukifika pale leo utaona viwanja vimepimwa, bikoni zipo, barabara za mitaa zimechongwa. Ukiangalia haraka utasema ni ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Imeguswa sana. Upande wa juu ulikuwa shamba la mikorosho, tena mikongwe. Upande wa chini watu walichimba mchanga kwa miaka, mashimo yakabaki, halafu yakajazwa: taka, matawi, vifusi vya nyumba zilizobomolewa. Juu yake ukatandazwa udongo mwekundu. Mvua zikanyesha, majani yakaota, na ukisimama juu huwezi kujua unakanyaga nini. Sisi wa Mtwara hilo lisitushangaze. Tuna kata inaitwa Reli na reli yenyewe hakuna. Ile ya mradi wa karanga wa enzi za mkoloni, iliyotoka bandarini kwenda Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo mtoto anakulia hapo bila kujua kwa nini kwao panaitwa hivyo. Viwanja navyo ni hivyohivyo: anayenunua sasa haambiwi palikuwa na nini, na mara nyingi anayemuuzia naye hajui.

Kwa hiyo kabla hatujachimba msingi, tunachoma ardhi. Tunachukua nondo ya milimita 12, tunaichonga ncha kwa grinda, na tunaichoma kwenye pembe zote nne za nyumba, kisha katikati, kisha pale patakapokuja choo. Si kipimo cha maabara, na kwa nyumba ya ghorofa tunamwambia mteja alipie kipimo cha maabara. Lakini kwa nyumba ya chini, nondo na mikono ya mtu aliyezoea vinasema mengi.

Kwa huyu dada, pembe tatu nondo ilikwama kwenye futi moja. Pembe ya nne, upande litakapokuwa jiko, iliingia kwa mkono mmoja hadi karibu mita moja na nusu, kama unachoma ugali. Tukachimba pale. Ilitoka kwanza kandambili, zikafuata chupa, kipande cha bati kilicholiwa na kutu, tena udongo mweusi wenye harufu, laini, unaobaki kwenye sepetu. Futi sita kwenda chini ndipo tukapata udongo wa asili: mchanga mwekundu uliokaza, jembe likigonga linarudi. Lile ndilo shimo alilokuwa analiona kwenye picha.

Naomba nieleze kwa nini hatukuliacha. Udongo wa kujazia hushuka wenyewe. Taka zinaoza, nafasi zinabaki, mvua inasukuma mchanga kuzijaza. Kama nyumba nzima ingeshuka kwa pamoja, hata usingejua. Tabu ni pale pembe moja inaposhuka na tatu zimesimama. Hapo ukuta unakatika, na huanzia mahali palepale kila mara, kwenye kona ya dirisha, ukipanda kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali. Mtu anaita fundi, anaziba kwa saruji, anapaka rangi. Mvua za mwaka unaofuata ufa unarudi ukiwa mpana zaidi, kwa sababu tatizo liko futi sita chini na yeye anatibu ukuta.

Hili nalijua kwa gharama. Nyumba yetu ya kwanza upande ule niliuamini udongo wa juu. Nilichimba msingi futi tatu, chini pakaonekana pazuri, nikajenga. Msimu wa pili wa mvua mwenye nyumba akaniita, mzee wa watu, hakupandisha hata sauti. Alinionyesha tu ufa juu ya kitanda cha mwanawe. Ulikuwa unapitisha kidole. Tulitoboa chini ya msingi kipande kwa kipande, mita moja leo, mita nyingine baada ya zege ya kwanza kukaza, mpaka tukakutana na ardhi ngumu. Kazi hiyo niliilipia mwenyewe, na ilikula hela nyingi kuliko ambayo ingetumika kuchimba vizuri tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sijengi kiwanja ambacho sijakichoma.

Upande wa juu wa mikorosho tatizo ni lingine. Mti unakatwa, kisiki kinaachwa, kinafukiwa. Mizizi ya mkorosho inakwenda mbali sana. Ikioza inaacha njia tupu ardhini, na mchwa wanaipenda kuliko kitu chochote. Ukijenga juu yake, miaka michache tu unawakuta kwenye fremu za milango. Visiki tunaving'oa vyote vilivyo ndani ya mstari wa nyumba, hata kama vinatuchukua siku nne, na dawa ya mchwa inapigwa kabla ya kutandika nailoni na kumwaga jamvi, yaani zege ya sakafu. Baada ya jamvi umechelewa.

Baada ya kuchimba inakuja kazi nyingine isiyopendeza kwenye picha: kushindilia. Udongo wa kurudisha ndani ya msingi tunauweka kwa tabaka la inchi sita, tunamwagia maji, tunapitisha mashine, ndipo tabaka la pili. Ukijaza futi tatu kwa mkupuo na kukanyaga juu, juu panakaza na chini panabaki sponji. Sakafu nyingi zilizopasuka ambazo nimeitwa kuzitazama hapa mjini, sababu ni hiyo. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, kujaza vizuri kunaweza kula wiki nzima, na picha ya Jumatatu na ya Ijumaa zinafanana kabisa. Najua inavyoudhi.

Sasa niseme kuhusu msimu, maana hapa kwetu kuna jambo ambalo mafundi wa mikoa mingi hawana. Hela ya kujenga Mtwara inakuja na korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanaingia, na kufikia Novemba maduka ya vifaa yamejaa watu. Mwenye shamba Tandahimba au Newala anataka msingi uanze wiki hiyohiyo, na ana haki, kwa sababu hela ikikaa mkononi ina watu wengi wa kuiomba. Lakini mvua nazo zinaingia hapohapo, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo tunachimba msingi wakati mbaya kuliko wote: mchanga wetu ukilowa kuta za mtaro zinaporomoka, na shimo likijaa maji ule udongo mgumu wa chini unageuka uji. Ukimwaga zege juu ya uji huo umeharibu kazi yote ya kuchimba.

Ushauri wangu kwa mwenye hela ya korosho ni huu. Novemba nunua vifaa visivyoharibika: nondo, mawe, kokoto, mchanga. Lipia ramani na ufuatilie kibali cha ujenzi. Fyatua tofali na uzimwagilie, mvua yenyewe itakusaidia. Saruji usirundike, kwa sababu unyevu wa pwani unaigandisha ndani ya mfuko, na kiwanda kiko hapahapa Mtwara, hutaikosa. Mei ardhi inapokauka tunaanza kuchimba, na hadi Oktoba una miezi mitano ya ukavu. Mwenye haraka tunamjengea hata Januari, ila tunachimba mtaro wa urefu tunaoweza kuumwagia zege siku hiyohiyo, na lazima awe na nailoni za kufunikia. Inakwenda polepole na lebacha, yaani malipo ya mafundi, inapanda. Namwambia hivyo kabla hatujapatana.

Wengine haraka yao inatokana na hati. Masharti ya umiliki huwa yanataka kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36, na watu wanaogopa. Woga huo una maana. Lakini huhitaji kukimbilia kupandisha kuta mbovu ili zionekane kutoka barabarani.

Jambo ambalo wateja hawaniulizi, na ningependa waulize, ni kimo cha sakafu. Kwenye mtaa mpya barabara bado ni ya udongo. Siku itakapowekwa kifusi na kushindiliwa itapanda, na mitaro itafuata mwinuko wake. Nyumba iliyowekwa sawa na barabara ya leo, kesho itakuwa bondeni. Ndiyo maana tunaanza kwa kutembea mtaa mzima, tunatazama maji ya mvua yamechora wapi, tunawauliza waliotangulia kujenga maji huwa yanafika wapi, ndipo tunaweka kimo. Kozi mbili za ziada kwenye msingi, yaani mistari miwili ya tofali, zinaongeza tofali na udongo wa kujaza. Mteja mmoja alizikataa, nikamwomba tu tusubiri mvua moja kubwa. Ilinyesha wiki ileile, akaja mwenyewe na mwavuli kutazama, akaniambia ongeza tatu.

Tofali nitasema kifupi. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali za inchi sita 25 hadi 30, ni tofali. Ukisikia bei nzuri sana, uliza mfuko umetoa ngapi, kisha chukua moja uliachie kutoka usawa wa kiuno uone kama litavunjika. Na mchanga wa ufukweni usikubali hata ukiletewa bure. Chumvi yake inakula nondo na kuvuta unyevu ukutani maisha yote ya nyumba.

Maji ni shida ya kweli kule, kwa sababu bomba halijafika kila mtaa na tunanunua kwa boza. Hapo ndipo mafundi wengi wanapobana. Zege inahitaji kunywa: siku saba za mwanzo asubuhi na jioni, juu yake magunia yaliyolowa, na inafikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28. Kwenye makadirio yetu maji ya kumwagilia yana mstari wake. Ukiona makadirio ya mtu hayana, muulize.

Paa nalo lina neno lake, kwa sisi tunaoishi mkabala na bahari hii. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha 1952, na Aprili 2019 Kenneth ilitupita karibu kisha ikaipiga Msumbiji. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, tunazifunga na nondo zilizoachwa ndani ya mkanda wa zege wa juu ya ukuta. Kupigilia misumari peke yake hatukubali.

Tumebadilisha pia namna ya kutuma picha, baada ya ile simu ya asubuhi. Kila Ijumaa tunatuma picha za shimo tukiwa tumesimamisha futi ya kupimia ndani yake, ili mteja asome kina mwenyewe. Picha ya udongo wa chini, ya nondo kabla haijafunikwa na zege, ya mifuko mitupu ya siku hiyo imepangwa ihesabike. Malipo yanafuata hatua iliyokamilika: kuchimba na kufika ardhi ngumu ni hatua, na inalipwa kama hatua, hata kama juu ya uso wa ardhi hakuna tofali.

Yule dada alikuja mwenyewe mwisho wa wiki ile kwa basi la usiku. Nilikuwa sijafukia bado, nilimsubiri makusudi. Alishuka hadi chini kwa ngazi ya fundi, akashika ule udongo mwekundu, akaomba nondo. Aliichoma mara tatu, haikuingia. Akapanda, akakung'uta mikono, akauliza zege inamwagwa saa ngapi ili awepo.

Nyumba yake wiki hii iko kozi ya nne. Jirani yake ameezeka, na huenda chini yake ni pagumu, sijui, sikupachoma. Kama una kiwanja upande ule na hujui kilikuwa nini, tuambie tukachome kabla hujanunua tofali. Tunapita kila Jumamosi asubuhi, na kwa kuchoma hatutozi kitu. Njoo na viatu vya kufunika, ukitaka nondo uishike wewe.