Hizo nyuzi 6,000 zimepimwaje?

Mhariri,

Ile habari yenu kwamba kiini cha dunia kina joto la nyuzi 6,000 imezua ubishi mkubwa huku kijiweni, watu wanauliza nani alishuka huko akapima, na swali ni la haki kabisa maana shimo la Kola kule Urusi, lililochimbwa chini kuliko yote, liliishia kilomita 12 na ushee wakati kiini kinaanzia karibu kilomita 2,900.

Hakuna aliyeshuka. Wanasayansi wanachukua kachembe ka chuma, wanakabana katikati ya ncha za almasi mbili kuigiza presha ya huko chini, halafu wanakapiga leza pande zote mbili ili joto lienee sawasawa. (Almasi za mwanzo za kubania hivi kule Marekani miaka ya 1950 zilikuwa za magendo zilizokamatwa na serikali, watafiti wakapewa bure!) Almasi ni ngumu halafu inapitisha mwanga, so leza inaingia na mng'ao wa chuma kilichoiva unatoka, wanausoma rangi zake wanajua ni kelvini ngapi (ukitoa 273 unapata nyuzi za Selsiasi), na hapo hapo eksirei inapita kuonyesha kama atomi bado zimejipanga au chuma kishayeyuka.

Sasa kwenye kuyeyuka ndo kuna kasheshe ambayo hamkuigusa. 2013 watafiti kwenye mtambo wa eksirei kali wa ESRF, Grenoble Ufaransa, walifika presha ya gigapaskali 200 hivi (gigapaskali moja ni kama presha ya hewa mara elfu kumi), kutoka hapo wakapiga hesabu mpaka 330 za mpakani mwa kiini cha ndani, pale chuma kigumu kinapokutana na kilichoyeyuka, wakapata kelvini 6,230, ongeza au punguza 500. 2015 mtambo ule ule, safari hii wakiangalia chuma kinavyomeza eksirei, jibu likaja chini mno kuliko la 2013 kwa presha hiyo hiyo: kelvini 3,090 kwenye gigapaskali 103. Ikawa mvutano, hadi 2018 ikaonekana almasi yenyewe ikipigwa leza inaachia kaboni inayoingia kwenye chuma, na chuma chenye kaboni kinayeyuka mapema.

Na hiyo 6,230 ni ya chuma kitupu! Kiini kina nikeli na elementi nyingine nyepesi zinazoshusha joto la kuyeyuka, so huko chini panaweza kuwa na nyuzi pungufu ya hizo mlizoandika kana kwamba mtu alichomeka kipimajoto. Siku nyingine wekeni na ile 500 ya kuongeza au kupunguza, hainyang'anyi nafasi ya tangazo.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro