Nafasi ya nne bado ni yako

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu,

Nyumbani wote wazima. Mama anakuulizia kila mara. Umeme unakuja unavyotaka, kwa hiyo naandika haraka kabla simu haijazima.

Umeniuliza kwa nini sijafuta Free Fire, mchezo wetu wa kupigana risasi kwenye simu, wakati wewe uliifuta siku ile ile kiongozi wa gildi, kile kikundi chetu cha wachezaji, alipokutoa. Nakuelewa. Ulikuwa kwenye mitihani, akaona alama zako za wiki ziko chini, akakutoa bila hata kukuuliza. Nilimwambia kwamba si haki. Akanijibu kuwa wanaosubiri nafasi ni wengi.

Kero nyingine unazijua. Unamlenga mtu, unaona kabisa risasi zinamwingia, kumbe pingi, ule ucheleweshaji wa mtandao, imepanda na kule kwenye seva umeshakufa zamani. Hapo mtu usiyemjua anafungua maikrofoni, anakutukana wewe na wazazi wako kwa sababu mtandao wa kwenu ni dhaifu. Dada yetu wa Goma, yule tunayecheza naye, ndiye anayeumia zaidi. Wakisikia tu sauti ya mwanamke, wanaanza kusema mambo ambayo siwezi kukuandikia. Ndiyo maana tukichanganywa na wageni hafungui maikrofoni kabisa. Anatushinda sote kwa kucheza, na bado anacheza bubu. Hilo linanikasirisha kuliko mechi zote tulizopoteza.

Lakini kuna jambo hukulijua, ulikuwa umeshaondoka. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika kule. Mimi na kaka wa Dar es Salaam, mwenzetu mwingine wa mchezoni, tulikuwa tunaingia usiku, tunaangalia tu orodha ya marafiki kama jina lake limewaka, kisha tunatoka. Namba yake hatukuwa nayo, na sura yake hatujawahi kuiona hata kwa picha. Usiku mmoja baba alinikuta niko macho, akauliza nasubiri nini. Nikamwambia, dada mmoja wa Goma. Hakuuliza zaidi, alivuta kiti akakaa nami. Siku jina lilipowaka dada aliandika neno moja tu: "Niko." Kaka wa Dar alilia kwenye maikrofoni, mtu mzima mwenye watoto.

Na kiongozi wetu? Alikuwa ameshamtoa dada huyo kwenye gildi kwa kukosa alama. Siku hiyo hiyo na mimi nikatoka.

Tangu hapo tunacheza watatu, na nakuambia kweli, sijawahi kuupenda mchezo huu hivi. Juzi kati ya wale 50 tulioruka kwenye ndege tulikuwa tumebaki wachache, nikaangushwa mahali peupe. Unajua ilivyo: unatambaa kwa magoti, uhai unapungua, na mwenzako ana muda mfupi tu wa kukufikia akuinue. Dada akasimamisha ukuta wa gloo, ule wa kuzuia risasi, mbele yangu. Kaka anasema, "Usitambae, nakuja," huku nyuma yake nasikia mtoto wake anaomba maji. Alinifikia. Kabla sijainuka eneo salama, ambalo huzidi kupungua, likatubana, tukapigwa wote watatu. Wangeniacha, huenda wangeshinda. Hakuna aliyenilaumu, dada aliuliza tu kama tuna mega za intaneti za mechi nyingine.

Kikosi ni cha watu wanne, kwa hiyo nafasi ya nne tunamwachia mgeni aijaze, na kila mgeni anakuja na matusi yake. Sitaki tena. Nimekusanya dhahabu ya kufungulia gildi yetu wenyewe, na alama za wiki hatutamdai mtu, awe kwenye mitihani, awe gizani, awe amechoka tu.

Jumamosi saa tatu usiku hapa kwetu. Kwako Kinshasa itakuwa saa mbili, Dar saa nne. Pakua mchezo mapema kwa wifi ya chuo, maana ni mzito, usije ukamaliza mega zako. Jina la gildi dada wa Goma anataka alichague yeye. Tumemkubalia.

Ndugu yako wa Katuba