Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: wapimeni walimu wa kwaya, wapeni cheti, waingie darasani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: KUPIMWA NA KUTAMBULIWA KWA UJUZI WA WALIMU WA KWAYA

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zangu za heshima kutoka Mwanza.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umewapa watoto wetu wa shule za msingi somo la Sanaa na Michezo, na huko sekondari mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umefungua mlango kwa kijana anayetaka kuufanya muziki kuwa kazi yake. Nililipokea jambo hili kwa furaha kubwa. Lakini nikizungumza na walimu wa shule za huku kwetu nasikia kilio kile kile: kipindi kipo kwenye ratiba, wa kukifundisha hayupo. Mwalimu aliyesomea hisabati au jiografia anabebeshwa sanaa kwa kuwa ana nafasi siku hiyo. Anawaimbisha watoto nyimbo mbili tatu alizokua nazo, kengele inalia, basi. Simlaumu hata kidogo. Amepewa kazi ambayo hakufunzwa.

Jioni ya siku hiyo hiyo, hatua chache kutoka shuleni, yuko mtu anayefundisha muziki kwa ustadi mkubwa, na Wizara yako haimfahamu. Ndiye ninayekuandikia habari zake. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya nne, na nimekaa chini ya walimu wa kwaya miaka mingi ya kutosha kujua wanachokijua.

Niruhusu nikueleze jioni moja ya mazoezi. Mwalimu ametundika karatasi ya manila ukutani. Ameandika solfa, yaani muziki kwa herufi za do, re, mi, kwa kalamu ya wino mzito, sauti nne zimepangwa juu kwa chini, soprano, alto, teno na besi, na pembeni juu ameandika kuwa do ni F. Kinanda hakipo, kwa hiyo anachukua do kwenye simu. Anaanza na sisi wa besi. Anatuimbia mstari wetu, tunaurudia kipande kwa kipande. Tunafika mahali ambapo fa imepandishwa nusu hatua ikawa fe, na wote tunaanguka. Hafoki. Anauacha wimbo kabisa, anatuimbisha so, fa, so. Halafu so, fe, so. Anarudia mpaka masikio yetu yenyewe yanakataa ile ya kwanza inapotakiwa ya pili. Ndipo anaturudisha kwenye wimbo, na tunapita pale kana kwamba hapajawahi kuwa na shida. Anahamia kwa alto, na huku anawasikiliza wa teno wakinong'ona mstari wao pembeni, akijua tayari nani amekosea. Kuna kijana aliyekuwa akiimba na akina mama mwaka jana, sasa sauti inavunjika. Mwalimu anamwambia akae na sisi, aimbe yale yanayomfikia bila kukaza shingo, ya juu ayaache. Hakulisoma hilo chuoni. Alirithishwa na mwalimu wake, naye mwalimu wake alirithishwa na wake.

Mheshimiwa, huo ni ufundishaji. Kuna kuligawa somo, kulitenga kosa na kulifanyia zoezi lake peke yake, kumsikia mmoja katikati ya arobaini, na kumlinda mwanafunzi asiumie. Ndiyo mambo ambayo watu huenda kufundishwa katika vyuo vya ualimu.

Halafu kuna uongozi, na hapa ndipo ninapoona tumepoteza hazina bila kujua. Katika besi yetu yupo mchuuzi wa samaki wa soko la Mwaloni, yupo dereva wa bodaboda, yupo mhasibu wa halmashauri, na yupo mzee aliyestaafu reli. Hakuna anayelipwa, na yeyote anaweza kuacha kesho asiulizwe. Mwalimu hana mshahara wa kumkata mtu wala barua ya onyo ya kumpa. Pamoja na hayo watu wanafika mazoezini, wakichelewa wanaomba radhi, msiba ukitokea saa nane za usiku wanakuwa wamefika kabla ya mapambazuko wakiwa na sare. Wakigombana kuhusu michango au safari, ni yeye anayekaa nao. Mtu anayeweza kuwashika watu wa namna hiyo kwa miaka, kwa heshima tu na kwa kazi nzuri, ni kiongozi. Nchi hii imewahi kuliona hilo waziwazi kwa marehemu Kapteni John Komba, ambaye sauti yake na kundi lake la Tanzania One Theatre ndivyo vilivyotuliza machozi ya taifa Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Wengi wengine hawajulikani nje ya kigango au usharika wao.

Mwalimu wangu mmoja aliomba kufundisha muziki katika shule moja ya binafsi. Walimsikiliza, wakampenda, wakamuuliza cheti. Hakuwa nacho. Waliachana kwa amani. Miezi michache baadaye shule hiyo hiyo ilimwita aandae kwaya ya mahafali, akawafundisha watoto wiki tatu, watoto wakaimba sauti nne mbele ya mgeni rasmi, naye akapewa nauli. Sisemi shule ilikuwa na nia mbaya. Inawezekana kabisa ilifuata kanuni zako. Ndiyo maana barua hii naielekeza kwako, siyo kwao.

Kila asubuhi ya mstarini, watoto wetu wanaimba kazi ya mwalimu wa kwaya. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao muziki wake ndio tunaouimba hapa kwa maneno ya Mungu Ibariki Afrika. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono kwenye daftari, kwa solfa, kama anavyofanya mwalimu wangu, na wengine wakazinakili. Januari 1912 wimbo wake uliimbwa Bloemfontein katika mkutano wa kuanzishwa kwa chama cha ukombozi cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC. Desemba 1961 Tanganyika huru ikaufanya muziki huo wimbo wake wa taifa. Sontonga mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1905, na kaburi lake lilisahaulika kiasi kwamba ilibidi litafutwe, hadi mwaka 1996 lilipotangazwa kuwa mnara wa taifa wa Afrika Kusini. Miaka tisini na moja, Mheshimiwa, kwa mtu ambaye nchi kadhaa husimama wima kazi yake inapoimbwa.

Sasa ombi langu. Wizara yako, kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliopata ujuzi nje ya mfumo rasmi. Mwashi aliyejifunzia kwenye jengo la mjomba wake, seremala wa uchochoroni, fundi magari wa gereji ya chini ya mwembe, mpishi wa mgahawani: wote hawa wanapimwa wakiwa kazini, wanapewa mafunzo ya kuziba pengo, wanapata cheti, na kwa cheti hicho wanaingia mahali ambako jana walizuiwa mlangoni. Naomba mlango huo huo ufunguliwe kwa mwalimu wa kwaya.

Upimaji wenyewe hauhitaji gharama kubwa. Mpeni ukurasa wa solfa wa wimbo asioufahamu, mpeni wanafunzi thelathini asiowajua, mpeni saa moja. Wapimaji wakae nyuma kimya. Ikiisha saa wanafunzi waimbe, na wapimaji waangalie mambo machache: je, sauti zote zimefundishwa au amewaacha alto wakijitafutia? Makosa aliyasikia? Aliyasahihishaje? Watoto waliimba katika kimo kinachowafaa, au aliwapandisha mpaka wakapiga kelele? Walitoka wakiwa na hamu ya kurudi? Hakuna mtihani wa karatasi utakaoweza kumtambua mwalimu wa muziki kuliko saa hiyo moja.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo naomba lisipuuzwe, kwa sababu likipuuzwa mpango mzima utakufa. Mtihani wa Muziki wa kidato cha nne umejengwa juu ya stafu, yaani ile mistari mitano. Walimu wetu wengi wanasoma na kuandika solfa, tena kwa wepesi wa ajabu, na stafu hawaijui. Mkiwapima kwa stafu siku ya kwanza mtawaangusha karibu wote na kusema hawajui muziki, na haitakuwa kweli. Solfa ni maandishi kamili ya muziki. Wamisionari walikuja nayo, ikaota mizizi, na leo nyimbo za kwaya zisizohesabika za nchi hii zimeandikwa kwa njia hiyo. Wapimeni kwa solfa, kisha stafu iwe sehemu ya mafunzo ya kuziba pengo. Anayejua uhusiano wa do na so kwa sikio hatachukua muda mrefu kuuona kwenye mistari mitano.

Mahali pa kufanyia mafunzo hayo papo. Chuo cha Ualimu Butimba, hapa hapa Mwanza, kina historia ndefu ya kuandaa walimu wa sanaa na muziki. Bagamoyo tuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, Arusha kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinachotoa shahada ya muziki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu ambao wengine wao ni watunzi wa kwaya. Wahitimu wa vyuo hivi ni wazuri lakini hawatoshi kuenea nchi nzima, na sidhani kama watatosha hivi karibuni. Wao ndio wawe wapimaji na wakufunzi. Mafunzo yafanyike wakati wa likizo, maana walimu wa kwaya wana kazi nyingine za kuwalisha watoto wao. Wafundishwe stafu, saikolojia ya mtoto, namna ya kuandaa somo, na maadili ya kazi. Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Mtu anayekabidhiwa watoto lazima achunguzwe mwenendo wake kama mwalimu mwingine yeyote, na asiyefaa arudishwe hata kama anafundisha kama malaika.

Siombi waajiriwe wote serikalini. Naomba shule ziruhusiwe kuwachukua kwa mkataba wa vipindi, na walipwe kwa vipindi hivyo. Vipindi viwili kwa wiki katika shule tatu za kata moja vitabadilisha maisha ya mwalimu mmoja na masikio ya watoto wengi sana.

Najua swali litakaloulizwa, na ni swali la haki: hawa wametoka makanisani, je, hawatageuza darasa kuwa ibada? Jibu langu ni kwamba yaliyomo kwenye somo yanatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwalimu aliyepimwa atafundisha hayo. Huku kwetu nyimbo za ngoma za Kisukuma za wigashe na bugobogobo zinatosha kumfundisha mtoto midundo, kupokezana na kuimba pamoja bila kugusa dini ya mtu. Zaidi ya hapo, mlango usifunguliwe kwa wa kanisani peke yao. Mwalimu wa kaswida anayewafundisha watoto wa madrasa kushika sauti moja safi kwa nusu saa bila chombo ana ujuzi ule ule. Vivyo hivyo mpiga ganuni au udi, vyombo vya nyuzi, aliyelelewa katika vikundi vya taarabu vya pwani. Elimu ya Zanzibar ina wizara yake, lakini inafaa mjifunze kwao: kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kimekuwepo tangu 1905, na tangu 2002 kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) pale Mji Mkongwe, ambako wazee waliojifunza kwa kukaa karibu na mafundi wamefundisha vijana darasani.

Nina ombi jingine dogo kuhusu wanawake. Katika kwaya nilizozipitia, wanawake ndio wengi, na mara nyingi ndio wanaoshika wimbo mapema kuliko sisi. Lakini anayesimama mbele ni mwanamume. Wapo akina mama wanaofundisha sauti zao pembeni, mwalimu akiwa na sisi, na hawaitwi walimu. Tangazo la kuitwa kwenye upimaji likitoka, liwataje wao waziwazi, maana wasipotajwa hawatajitokeza. Watasema wenyewe kuwa mwalimu ni fulani.

Mheshimiwa Waziri, naomba majaribio yaanzie Butimba, kwa mkoa mmoja, kabla ya mwaka ujao wa masomo. Kama wapimaji watahitaji kwaya ya kujifunzia kazi hiyo kabla ya kukutana na watoto, yetu iko tayari. Tunafanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni. Maofisa wako waje siku yoyote, bila taarifa, na wimbo wowote tusioujua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanakwaya, sauti ya nne,
Mwanza.